Upungufu wa magnesiamu na kifo cha ghafla cha mtoto mchanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na mama mjamzito aliyesoma jambo usiku na kukosa usingizi, na baba anayeamka kila saa kusikiliza kama mtoto anapumua. Huulizwa pia na wazazi waliokwisha kufiwa. Kwa hiyo jibu lenyewe litangulie: mpaka leo hakuna ushahidi kwamba upungufu wa magnesiamu ndio unaosababisha vifo hivi, na hakuna sababu ya kumpa mtoto mwenye afya madini haya kama kinga. Zipo kinga zinazofanya kazi kweli, nazo nimezieleza hapa chini.

Kifo cha ghafla cha mtoto mchanga ni kitu gani hasa?

Ni kifo cha mtoto wa chini ya mwaka 1 aliyeonekana mzima, mara nyingi akiwa usingizini, ambacho chanzo chake hakijulikani hata baada ya uchunguzi kamili. Uchunguzi huo una sehemu tatu: maiti kupasuliwa na kuchunguzwa, mahali alipolala kukaguliwa, na historia ya afya yake kupitiwa. Ukipatikana ugonjwa wa moyo, maambukizi au kukosa hewa kwa kufunikwa na mto, kifo hicho hakiitwi tena hivyo. Kwa kifupi wataalamu hukiita SIDS.

Hatari hupanda zaidi kati ya mwezi wa 2 na wa 4, na takribani 90% ya vifo hutokea kabla ya miezi 6. Kumbuka umri huo, maana utatusaidia mbele.

Magnesiamu inafanya kazi gani mwilini mwa mtoto?

Kazi nyingi. Zaidi ya vimeng'enya 300, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali za mwili, vinaitegemea, pamoja na vile vinavyoiwezesha seli kutumia nishati. Katika misuli na neva inafanya kazi ya kutuliza: inazuia kalsiamu isimiminike ovyo ndani ya seli, na inaziba milango fulani ya neva isifunguke bila sababu. Ikipungua sana, neva husisimka kupita kiasi.

Zaidi ya nusu ya magnesiamu ya mwili imo kwenye mifupa na nyingine karibu yote imo ndani ya seli. Ile inayozunguka kwenye maji ya damu haifiki 1%. Ndiyo maana kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kiwango cha kawaida ilhali akiba imepungua.

Wazo la kuvihusisha viwili hivi lilitoka wapi?

Lina mizizi ya zamani. Mwaka 1932 huko Marekani, mtafiti wa lishe E. V. McCollum na wenzake waliwalisha panya chakula kisicho na magnesiamu. Kwanza masikio na miguu ya panya wale iliwiva wekundu kwa sababu mishipa ya damu ilitanuka, kisha wakawa wa kushtukashtuka, na mwishowe wakapata degedege kali lililowaua wengi wao.

Mwaka 1972 daktari wa watoto Joan Caddell aliandika katika jarida la The Lancet akiuliza kama jambo la namna hiyo laweza kumpata mtoto wa binadamu anayekua haraka huku akiba yake ya magnesiamu ikiwa ndogo. Aliona kwamba makundi yenye vifo vingi yanafanana na yale yanayoweza kuwa na akiba ndogo: watoto njiti, pacha, waliozaliwa na uzito mdogo, na wale ambao mama zao walipata mimba zilizofuatana karibu karibu. Hakuliacha swali hilo. Mwaka 2001 alipendekeza kwamba upungufu huo unalegeza misuli, hata mtoto aliyelazwa kifudifudi akashindwa kuinua kichwa na kugeuza uso apate hewa.

Ufaransa naye Jean Durlach, aliyeitumikia taaluma ya magnesiamu kwa miaka mingi, mwaka 1991 aliuliza kama tatizo liko kwenye kudhibiti joto la mwili. Mtoto mchanga hutegemea mafuta maalumu ya kahawia kujipasha joto, na miezi ya mwanzo ndiyo anayoanza kuiacha njia hiyo.

Je, wazo hilo limethibitishwa?

Hapana, na sababu zinafaa kuelezwa taratibu kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapotelezea.

Kwanza, kupima ni kugumu. Mtu akifa, magnesiamu iliyo ndani ya seli huvuja na kuingia kwenye damu, kwa hiyo damu ya maiti haisemi ukweli kuhusu hali yake alipokuwa hai. Watafiti waligeukia ute ulio ndani ya jicho, ambao hubadilika polepole zaidi. Huko nako hawakupata tofauti ya wazi na ya kudumu ambayo ingetosha kusema "hiki ndicho chanzo".

Pili, kufanana kwa makundi hakutoshi. Mtoto njiti ana akiba ndogo ya magnesiamu, ni kweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya madini hupita kutoka kwa mama katika miezi 3 ya mwisho ya mimba. Lakini mtoto huyohuyo ana mapafu machanga, na sehemu ya ubongo inayosimamia upumuaji haijakomaa. Ukitaka kulaumu jambo moja kati ya hayo, lazima uyaondoe mengine kwanza, na hilo halijafanyika.

Tatu, angalia umri. Upungufu wa kawaida wa mtoto mchanga hujitokeza siku za mwanzo za maisha, wakati vifo hivi hupanda baada ya mwezi wa kwanza.

Nne, na kwangu hii ndiyo nzito kuliko zote: katika miaka ya 1990 vifo hivi vilipungua kwa zaidi ya nusu Marekani, na Uingereza na New Zealand navyo vikashuka sana. Hakuna aliyewagawia watoto magnesiamu. Kilichobadilika ni jinsi walivyolazwa.

Kwa hiyo Dkt. Caddell alikuwa anapotosha watu?

Hata kidogo. Aliuliza swali la haki wakati ambapo watoto walikuwa wanakufa na hakuna aliyekuwa na jibu. Kuuliza ndiko kunakosogeza tiba mbele. Wanaopotosha ni wale wanaolichukua swali lake miaka 50 baadaye na kuliuza kama jibu, pamoja na chupa ya matone.

Basi sayansi inasema chanzo ni nini?

Maelezo yanayokubalika zaidi yalitolewa mwaka 1994 na watafiti James Filiano na Hannah Kinney. Walisema kifo hutokea mambo matatu yanapokutana kwa wakati mmoja: mtoto mwenye udhaifu wa ndani usioonekana, umri ambao mwili unapitia mabadiliko makubwa, na msukosuko kutoka nje, kama kulala kifudifudi, joto jingi au moshi wa sigara. Kikikosekana kimoja, mtoto huyohuyo anaweza kulala na kuamka.

Kuhusu udhaifu wa ndani, uchunguzi wa Kinney na wenzake uliwaonyesha watoto wengi waliokufa wakiwa na kasoro katika shina la ubongo, kwenye neva zinazotumia serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya neva. Neva hizo ndizo zinazomwamsha mtoto hewa inapochafuka. Fikiria mtoto aliyelala uso umezama kwenye godoro laini. Pumzi anayoitoa inabaki palepale mbele ya pua, naye anaivuta tena. Kila pumzi ina hewa chafu zaidi kuliko iliyotangulia. Mtoto mwenye mfumo mzima atashtuka, atalia, atageuza kichwa. Yule ambaye kengele yake ya ndani ni hafifu hataamka.

Upungufu wa kweli wa magnesiamu kwa mtoto mchanga unaonekanaje?

Upo, ni ugonjwa unaotibika, na hauna uhusiano wa lazima na vifo tunavyovizungumzia. Mtoto hutetemeka mikono na miguu, hushtuka kwa mguso mdogo, hunyonya vibaya, anaweza kupata degedege au kusita kupumua. Mara nyingi kalsiamu nayo huwa chini, na madaktari huanza kushuku magnesiamu pale wanapompa kalsiamu na hali isibadilike.

Jambo moja la kujaribu huku ukijiandaa kwenda hospitali: mkono ukitetemeka, ushike kwa upole na kuukunja kidogo. Mtetemo wa kawaida wa kichanga hutulia ukishikwa. Ukiendelea kugonga ndani ya kiganja chako, au macho yakakwama upande mmoja, hilo laweza kuwa degedege, na mtoto anahitaji daktari sasa hivi. Hata ukitulia, mtetemo unaojirudia umweleze daktari.

Ni watoto gani walio katika hatari ya upungufu huo?

Waliozaliwa na mama mwenye kisukari, waliodumaa tumboni, njiti, wenye kuharisha kwa muda mrefu au waliokatwa sehemu ya utumbo, na wanaotumia dawa za kukojoza. Kuna pia ugonjwa adimu wa kurithi, unaotokana na kasoro ya jeni iitwayo TRPM6, ambapo utumbo haufyonzi magnesiamu vizuri. Hawa hutibiwa maisha yao yote, na wakigunduliwa mapema wanakua vizuri.

Je, nimpe mtoto wangu matone ya magnesiamu kwa tahadhari tu?

Usimpe. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao.

Magnesiamu ikizidi hufanya kinyume cha inapopungua: misuli inalegea, kunyonya kunafifia, shinikizo la damu linashuka, na upumuaji unapungua hadi kusimama. Figo za mtoto mchanga bado hazijaweza kuitoa ya ziada haraka. Mwaka 2000 jarida la Pediatrics liliripoti kifo cha mtoto wa miaka 2 na miezi kadhaa aliyekuwa akipewa vitamini na madini kwa dozi kubwa mno, na magnesiamu ndiyo iliyomuua. Yule alikuwa amekwisha kupita umri wa uchanga. Kichanga wa miezi 2 ana kinga ndogo zaidi.

Onyo hili linahusu pia dawa za kiungulia na za kulainisha choo zenye magnesiamu. Mtoto akikosa choo, usimpe ya mtu mzima kwa kupunguza kipimo.

Mtoto anahitaji kiasi gani, na maziwa yangu yanatosha?

Kiasi kinachokadiriwa kumtosha ni miligramu 30 kwa siku hadi miezi 6, kisha miligramu 75 hadi mwaka. Makadirio ya miezi 6 ya kwanza yalitokana na kupima kile ambacho watoto wenye afya hupata kwa kunyonya, kwa hiyo swali limejijibu lenyewe. Mwili wa mama hulinda kiwango cha magnesiamu kwenye maziwa hata kama mlo wake si kamili. Ukila vizuri unajisaidia wewe, nawe unastahili kusaidiwa: mboga za majani, jamii ya kunde, mbegu na nafaka zisizokobolewa zina magnesiamu ya kutosha. Vidonge havihitajiki ila daktari akiona sababu.

Na ukweli ambao ungepaswa kutangazwa zaidi: watoto wanaonyonyeshwa hufa kifo hiki mara chache kuliko wasionyonyeshwa.

Natumia maziwa ya kopo. Je?

Kiwango cha chini cha magnesiamu kimewekwa katika kanuni za kimataifa za chakula ziitwazo Codex, miligramu 5 kwa kila kilokalori 100, na watengenezaji hutakiwa kuzifuata. Wajibu wako ni kuchanganya kama kopo linavyoelekeza. Usiongeze maji ili yafike mwisho wa mwezi. Maziwa mepesi humharibia mtoto uwiano wa chumvi mwilini na huweza kumletea degedege.

Nilichomwa sindano za magnesiamu hospitalini nikiwa mjamzito. Zimemdhuru mtoto?

Zilikuokoa, na huenda zilimwokoa na yeye. Salfeti ya magnesiamu ndiyo dawa ya kwanza ya kuzuia na kutibu kifafa cha mimba. Utafiti wa Magpie uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza uwezekano wa kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Hutolewa pia muda mfupi kabla ya kujifungua mtoto njiti ili kulinda ubongo wake.

Baadhi ya watoto huzaliwa wakiwa walegevu kwa sababu ya dawa hiyo, na wauguzi huwaangalia kwa karibu hadi itoke mwilini. Dozi za siku nyingi mfululizo ni jambo jingine: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya kuitumia zaidi ya siku 5 hadi 7 kwa ajili ya kuzuia uchungu wa mapema, kwa kuwa ilidhoofisha mifupa ya watoto.

Usiku wa leo nifanye nini?

Mlaze chali, kila usingizi, wa usiku na wa mchana, na kila anayemlea afanye vivyo hivyo. Hatari mara nyingi huja siku mtoto aliyezoea chali anapolazwa kifudifudi na mtu mwingine, kwa hiyo zungumza na bibi, shangazi, dada wa kazi, kila mtu. Ubavu nao si salama. Kutoka ubavuni hadi kifudifudi ni hatua ndogo.

Mahali pa kulala pawe pagumu na tambarare. Bonyeza godoro kwa kiganja: mkono ukiacha shimo, ni laini mno. Ondoa mito, wanasesere, mablanketi yaliyolegea na zile pedi za pembeni za kitanda. Akipata baridi mvishe nguo zaidi badala ya kumfunika, ila usizidishe. Shika kifua chake au nyuma ya shingo, na kama kuna jasho, punguza. Ndani ya nyumba asifunikwe kichwa.

Alale chumba kimoja nanyi lakini sehemu yake, angalau miezi 6 ya kwanza. Kama hakuna nafasi na lazima alale kitandani kwenu, msimlaze kamwe pamoja nanyi ikiwa mmoja wenu amekunywa pombe, ametumia dawa za kusinzisha au anavuta sigara, au ikiwa mtoto alizaliwa njiti. Na hakuna mahali pabaya kama kochi. Mama anayenyonyesha akiwa amechoka ni heri anyonyeshee kitandani kulikotolewa mito kuliko kusinzia kwenye kochi na mtoto kifuani.

Moshi wa sigara uondoke kabisa, wakati wa mimba na baadaye. Kati ya yote yanayoweza kubadilishwa na wazazi, baada ya jinsi ya kulala, hili ndilo kubwa. Kumpa chuchu bandia wakati wa kulala, kunyonya kukishazoeleka, nako kumeonekana kupunguza hatari.

Akilala chali si atapaliwa na matapishi?

Woga huu ni wa kweli na umerithiwa kizazi hadi kizazi, lakini maumbile yanaupinga. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakuwa juu na njia ya chakula chini. Maziwa yakirudi, hubaki chini na kumezwa tena. Ili yaingie kwenye mapafu yangelazimika kupanda. Akiwa kifudifudi ni kinyume chake. Baada ya mamilioni ya watoto kulazwa chali, vifo vya kupaliwa havikuongezeka.

Chanjo je?

Hazisababishi. Umri wa chanjo na umri wa hatari vimeangukiana tu, na watoto waliochanjwa hufa kifo hiki mara chache zaidi.

Vifaa vya kufuatilia pumzi na mapigo ya moyo vinasaidia?

Kwa mtoto mwenye afya havijaonyeshwa kuzuia vifo hivi, na hasara yake ni pale mzazi anapovitegemea akalegeza mengine. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani hakivipendekezi kama kinga.

Mbona kila baada ya muda nasoma kwamba chanzo kimepatikana?

Kwa sababu uchungu ni mkubwa na kila mtu anatamani jibu. Mwaka 1989 Barry Richardson wa Uingereza alidai gesi yenye sumu hutoka kwenye magodoro. Wazazi wakafunga magodoro kwa plastiki, hadi kamati ya wataalamu wa Uingereza, iliyoitwa kamati ya Limerick, ilipochunguza na kusema mwaka 1998 kwamba hakuna ushahidi. Mwaka 2022 mtafiti Carmel Harrington wa Australia, ambaye mwenyewe amewahi kufiwa na mtoto kwa njia hii, alikuta kimeng'enya fulani kikiwa chini katika damu ya watoto 26 waliokuja kufa hivyo. Utafiti ulikuwa mzuri na mdogo, na yeye hakudai amemaliza kazi. Vichwa vya habari ndivyo vilivyodai.

Ukisoma habari ya namna hiyo, tazama watoto waliopimwa walikuwa wangapi, na kama kuna watafiti wengine waliopata jibu lilelile.

Mtoto wetu alifariki. Je, ni kwa sababu sikula vizuri au sikumeza vidonge?

Hapana, mama. Hakuna utafiti wowote unaoweza kuuelekeza mlo wako na kusema uliua. Kama mama mkwe, jirani au mtu wa kanisani au msikitini amekuambia hivyo, amesema asichokijua. Nawe baba unayejiuliza kwa nini hukuamka, kifo hiki mara nyingi hakina sauti. Hutokea hata mikononi mwa wanaoangalia.

Ombeni matokeo ya uchunguzi wa maiti na mkae na daktari awasomee mstari kwa mstari. Mna haki ya kuyajua. Maziwa yakiendelea kujaa kifuani, mwambie mkunga; kuna njia za kuyakausha bila maumivu makali, na hakuna anayepaswa kukuacha upambane na hilo peke yako.

Tunatarajia mtoto mwingine. Apimwe magnesiamu akizaliwa?

Hapana, ikiwa sababu ni kifo hiki pekee. Apimwe akiwa na dalili au sababu zilizotajwa juu. Cha maana zaidi ni kumweleza daktari mapema kuhusu mtoto wa kwanza, ili aangalie kama kuna jambo la kurithi: matatizo ya umeme wa moyo, ambayo kipimo cha ECG kinaweza kuyaonyesha, au kasoro za mwili kushindwa kutumia mafuta kama nishati, ambazo hugunduliwa kwa tone la damu la kisigino. Nendeni na karatasi za uchunguzi wa kwanza kama mnazo, na andikeni maswali yenu kabla ya kuingia, kwa kuwa mbele ya daktari mengi husahaulika.